Oksijeni ya Ubongo wa Mtoto Njiti: Mjadala wa Sauti Nne Kando ya Ziwa Tanganyika

Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni huitwa mtoto njiti, na kadiri wiki hizo zinavyopungua ndivyo ubongo wake unavyokuwa na mishipa midogo iliyo laini mno, ambayo bado haiwezi kujibana au kujitanua ipasavyo pale shinikizo la damu linapopanda au kushuka. Saa 72 za mwanzo ni za hatari kuliko nyingine zote, kwa kuwa uvujaji mwingi wa damu ubongoni mwa watoto hawa hutokea ndani ya muda huo, na anayeokoka anaweza kubaki na ulemavu wa viungo, wa kuona au wa kujifunza utakaomfuata maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati mwaka 2020. Katika nchi maskini zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wanaozaliwa chini ya wiki 28 hufa ndani ya siku chache, ilhali katika nchi tajiri wanaokufa hawafiki 10.

Swali linalojadiliwa hapa ni dogo kwa umbo lakini linagusa mambo mengi: je, mji kama Uvira, katika jimbo la Kivu Kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako akina mama wa Nyamianda, Mulongwe, Kavimvira na Kalundu hujifungulia katika vituo vya afya vya mitaani na wenye shida kupelekwa Hospitali Kuu ya Rufaa, unapaswa kutafuta kifaa cha kupima oksijeni ndani ya ubongo wa mtoto njiti? Sauti nne zinazosikika katika mjadala huu, yaani Daktari wa watoto, Mkunga, Mhasibu wa hospitali na Mzazi, ni sauti za kazi na za hali. Hazimwakilishi mtu fulani anayejulikana, bali hoja ambazo yeyote anayeifikiria wodi ya watoto wachanga kwa uzito hukutana nazo.

Kifaa chenyewe kinahitaji maelezo kwanza. Mwaka 1977 mtafiti Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani alionyesha kwamba mwanga ulio jirani na mwekundu, ambao jicho la binadamu halioni, unaweza kupenya ngozi na mfupa wa fuvu na kurudi ukiwa na habari za damu iliyomo ndani. Hemoglobini, yaani kitu kinachoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni, hunyonya mwanga huo kwa namna moja inapokuwa imebeba oksijeni na kwa namna nyingine inapokuwa imekwisha kuitua. Sensa laini hubandikwa kwenye paji la uso la mtoto. Upande mmoja hutoa mwanga, na vipokezi viwili vilivyowekwa kwa umbali tofauti huupokea unaporudi, kile cha karibu kikisoma zaidi ngozi na mfupa na kile cha mbali kikisoma pia ubongo, kisha mashine hutoa cha kwanza katika cha pili na kuandika namba moja ya asilimia.

Namba hiyo haifanani na ile ya oksimita ya kawaida inayofungwa mguuni au kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Oksimita ya kawaida hufuata mapigo ya moyo na kusoma damu ya ateri tu, yaani damu inayotoka mapafuni ikiwa imekwisha kupakia oksijeni, lakini kipimo cha paji la uso husoma mchanganyiko ambao takriban robo tatu yake ni damu ya vena, iliyokwisha kupita kwenye ubongo. Ya kwanza huhesabu magunia yanayoshushwa bandarini Kalundu. Ya pili huangalia yaliyobaki ghalani baada ya mji kula. Watafiti wengi wamekubaliana kwamba namba iliyo kati ya 55 na 85 ni salama, ingawa sensa za kampuni mbalimbali hazitoi namba ileile kwa mtoto yuleyule, jambo ambalo mnunuzi hapaswi kulisahau.

Daktari ndiye anayeanza, naye anasimama upande wa kifaa. Anaeleza kwamba mtoto anaweza kuwa na 93 kwenye oksimita ya mguuni na wakati huohuo ubongo wake ukawa una njaa, kwa sababu damu yake ni chache, au shinikizo lake limeshuka, au anapumulishwa kwa kasi mno hadi hewa ya kaboni katika damu inapungua na mishipa ya ubongo inajibana. Anataja jaribio la Ulaya liitwalo SafeBoosC II, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watoto 166 waliozaliwa chini ya wiki 28, ambamo watoto waliopimwa ubongo na kutibiwa kwa kufuata mwongozo walipunguziwa zaidi ya nusu ya mzigo wa kukaa nje ya kiwango salama. Kwake yeye hilo linaonyesha kwamba namba ya ubongo inaweza kushikwa na kurekebishwa, si kutazamwa tu.

Mhasibu, ambaye watu humdhania kuwa anajua bei peke yake, anamjibu kwa jaribio lililofuata. SafeBoosC III, lililoongozwa kutoka Copenhagen na kundi la Gorm Greisen na kuchapishwa mwaka 2023, liliandikisha watoto 1,601 katika hospitali 70 za nchi 17, na swali lake halikuwa tena kama namba inarekebishika bali kama watoto wanaishi bila kuumia vibaya ubongo. Katika kundi lililopimwa ubongo, waliokufa au kuumia vibaya walikuwa asilimia 35.2, katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 34.0. “Dokta,” anauliza Mhasibu, “ikiwa Denmark yenyewe haikuona faida, hospitali ya Uvira italipaje maelfu ya dola kwa mashine, na tena fedha nyingine kwa sensa za kutupwa kila mtoto anapomaliza?”

Jibu la Daktari linastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ndilo lenye nguvu zaidi upande wake. Anasema kwamba jaribio lile lilifanyika katika wodi ambazo tayari zina vipimo vya gesi za damu, mashine za kupumulisha, ultrasaundi ya kichwa kupitia utosini na wauguzi wa kutosha, hivyo kifaa kimoja zaidi kilikuwa na nafasi ndogo ya kuongeza kitu, ilhali mahali pasipo na maabara ya gesi za damu kipimo kisichotoboa ngozi kingeweza kuwa jicho pekee. Tena anakumbusha kwamba hata oksimita ya kawaida, iliyobuniwa na Takuo Aoyagi nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 20,802 wa upasuaji nchini Denmark na matokeo kuchapishwa mwaka 1993, haikuonekana kupunguza vifo, na bado leo hakuna daktari anayekubali kumlaza mgonjwa kwa usingizi wa dawa bila hiyo. Kutoonekana kwa faida katika jaribio moja, kwa mtazamo wake, si uthibitisho kwamba faida haipo mahali pengine.

Hapo ndipo Mkunga anapoingia, naye haanzi na takwimu. Anaomba mfano mmoja ufuatwe hadi mwisho: ni usiku, mtoto wa wiki 29 yuko kwenye kuvezi, yaani sanduku la kumtunzia joto, na namba ya paji la uso imeshuka hadi 48. Hatua ya kwanza ni kuangalia kama sensa imelegea, na kuibandua si jambo jepesi, kwa kuwa ngozi ya mtoto wa umri huo ni nyembamba kiasi kwamba gundi inaweza kuondoka nayo. Ikiwa sensa iko sawa, anayehudumia hutazama oksimita ya mguuni. Ikiwa nayo imeshuka, mtoto anahitaji oksijeni zaidi au msaada wa kupumua, lakini hilo oksimita ya mguuni ingelisema yenyewe. Ikiwa ya mguuni iko juu, tatizo liko kwingine: labda shinikizo la damu, ambalo linahitaji mkanda mdogo wa kulipimia na pampu ya kupitisha dawa kwa matone yaliyohesabiwa, labda upungufu wa damu, ambao unahitaji mfuko wa damu salama uliopimwa na kulinganishwa usiku huohuo, labda mshipa ulio kati ya moyo na mapafu, ambao hupaswa kujifunga baada ya kuzaliwa lakini kwa njiti hubaki wazi, na huo hauonekani bila ultrasaundi ya moyo na mtu anayejua kuisoma. Kila jibu la namba lipo kwenye chumba kingine, na pale vyumba hivyo visipokuwepo, muuguzi mmoja mwenye watoto wengi atabaki akisikiliza kengele ambayo hana la kuifanyia, huku akiwaacha wengine bila kuwatazama.

Hoja hii ya Mkunga ina mashiko kuliko zote zilizotolewa kufikia hapo, kwani inahama kutoka swali la kama kifaa ni kizuri na kwenda kwenye swali la kazi inayofuata baada ya kipimo. Inaungwa mkono na historia ya matibabu ya kuupoza mwili. Katika nchi tajiri, kumpoza kwa saa 72 mtoto aliyetimiza miezi ambaye ubongo wake ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa kumethibitika kuokoa maisha na akili. Lakini jaribio dogo la watoto 36 lililofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, lilishuhudia vifo vingi zaidi katika kundi la waliopozwa, na jaribio kubwa la HELIX katika India, Sri Lanka na Bangladesh, lililochapishwa mwaka 2021, lilikuta waliokufa ni asilimia 42 kati ya waliopozwa na asilimia 31 kati ya wasiopozwa. Matibabu yaleyale, yalipohama mahali, yaliambatana na vifo zaidi. Daktari anakubali uzito wa mfano huo, ila anaongeza, na kwa haki, kwamba kupoza ni kumtenda mtoto jambo ilhali kupima ni kumtazama tu. Mkunga anamjibu kwamba kila namba kwenye skrini humsukuma mtu kutenda, hata pale ambapo kutulia kungekuwa bora.

Kisha Mkunga anataja kile ambacho yeye angekiita ulinzi wa oksijeni ya ubongo. Kitovu kisikatwe haraka: uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kusubiri kabla ya kukibana kunapunguza vifo vya njiti kwa takriban theluthi moja vikilinganishwa na kukibana papo hapo, na maelezo yake yanaeleweka kwa urahisi, kwa sababu damu iliyomo kwenye kondo ni ya mtoto, na mtoto mwenye damu zaidi hupeleka oksijeni zaidi ubongoni. Mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo: huduma hiyo ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilijaribiwa upya katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulishusha vifo kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Mama mwenye mimba apewe dawa za kuzuia malaria, kwa kuwa malaria ya mimba huleta upungufu wa damu na uzazi wa mapema. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji skrini.

Mzazi, ambaye hadi hapo amenyamaza, anauliza swali ambalo wataalamu walikuwa wakilizunguka: “Mama mkunga, hiyo oksijeni yenyewe ipo usiku kucha?”

Swali hilo linastahili kukaliwa muda mrefu kuliko lile la kifaa. Mashine ya kutengeneza oksijeni, ile inayonyonya hewa ya chumbani na kuichuja nitrojeni, huzimika pale umeme unapokatika, na mitungi ya oksijeni inapaswa kusafirishwa kwa barabara, iwe ni ile ya kitaifa namba 5 inayopita bonde la Ruzizi au ile ya kuvuka mpaka kuelekea Bujumbura, ambazo vita na mvua huzifunga bila kutoa taarifa. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliyobomoa nyumba na kuua watu mjini Uvira yalionyesha jinsi mji huu uliobanwa kati ya milima na ziwa unavyoweza kukatwa na jirani zake kwa usiku mmoja. Nchini Uganda, kuanzia Jinja, oksijeni inayotengenezwa kwa umeme wa jua na kuungwa na betri imejaribiwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 kutoka vituo 20 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 waliolazwa wakiwa na upungufu wa oksijeni vilipungua karibu nusu. Uvira nayo ina jua.

Hata hivyo, oksijeni inayopatikana inaweza pia kuumiza, na upande huu wa jambo hausikiki vya kutosha. Mashine hiyo hutoa oksijeni ya takriban asilimia 93, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 21, na mtoto njiti anayepulizwa hewa nzito namna hiyo bila kuchanganywa yuko hatarini kupata ugonjwa wa retina, ambamo mishipa ya nyuma ya jicho hukua ovyo hadi kuivuta retina itoke mahali pake. Ugonjwa huo ulielezwa na Theodore Terry mjini Boston mwaka 1942. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne alihusisha upofu huo na oksijeni iliyotolewa bila kipimo. Na kufikia katikati ya miaka ya 1950 watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka, mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, akiwa miongoni mwa wale ambao kuzaliwa mapema kuliwagharimu macho. Kisha madaktari wakaibana oksijeni kupita kiasi, na mwaka 1973 Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, wapatao 16 walikufa. Majaribio matano ya karne hii, yaliyojumlishwa mwaka 2018 na kuhusisha karibu watoto 5,000, yalithibitisha mvutano huohuo: waliowekwa kati ya 85 na 89 kwenye oksimita walikufa zaidi, na waliowekwa kati ya 91 na 95 walihitaji zaidi matibabu ya macho.

Maana yake kwa Uvira ni kwamba oksimita ya kawaida, iliyowekwa kengele mbili, moja ya chini ya 90 na nyingine ya juu ya 95, ndiyo inayoweza kulinda ubongo na macho kwa pamoja, mradi kila mtoto aliye kwenye oksijeni awe na yake badala ya moja kuzungushwa kutoka kitanda hadi kitanda. Lakini oksimita hiyo nayo haisomi ngozi zote sawasawa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa watu wazima weusi kifaa hiki hukosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kwa kuwa rangi ya ngozi pia hunyonya mwanga. Kifaa cha paji la uso hutumia mwanga wa familia ileile, na hapa Daktari na Mhasibu, kwa mara ya kwanza, wanakubaliana: hakuna hospitali ya Kivu inayopaswa kununua sensa ambayo mtengenezaji wake hawezi kuonyesha jinsi ilivyopimwa kwa watoto wenye ngozi kama za hapa.

Mkunga anarudi na chupa. Anaeleza mfumo wa kusaidia kupumua kwa mapovu, ambao hausifiwi vya kutosha kwa sababu unaonekana kuwa rahisi mno: hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita kwenye mirija mifupi puani mwa mtoto, na mrija wa kutokea huzamishwa ndani ya chupa ya maji; ukizamishwa sentimita 5, mapafu yanabaki wazi kwa shinikizo la sentimita 5 za maji, na mapovu yakikoma muuguzi anajua papo hapo kwamba kuna mahali panapovuja. Mjini Blantyre, Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliosaidiwa na mfumo huo walinusurika kwa asilimia 71, ilhali waliopewa oksijeni ya kawaida peke yake walinusurika kwa asilimia 44. Mhasibu anaiandika namba hiyo, kisha anauliza kama mchanganyiko wa hewa na oksijeni umehesabiwa ndani ya bei, na swali lake ni zuri, kwa maana mapovu yanayotokana na oksijeni tupu yangefungua mapafu na kufunga macho.

Katika mzani wa mjadala huu, Mkunga ana haki juu ya mpangilio na Daktari ana haki juu ya siku zijazo. Wodi isiyo na oksijeni ya usiku kucha, isiyo na oksimita kwa kila mtoto na isiyo na hewa ya kuchanganya haipaswi kutumia hata dola moja kwenye kipimo cha ubongo. Lakini haifai kusema kwamba mwanga huu si wa Waafrika: tangu miaka ya 2010 watafiti wa mradi uitwao BRIGHT wamekuwa wakiutumia kijijini Keneba, Gambia, kufuatilia ukuaji wa ubongo wa watoto wachanga, na kazi hiyo imeonyesha kwamba vifaa vyake vinaweza kufanya kazi mbali na miji mikubwa. Kinachokosekana ni swali la kitabibu linaloulizwa kwa ajili ya njiti wa mahali kama Uvira, ambao upungufu wa damu na malaria ya mama huweza kuufanya ubongo wao ukose oksijeni kwa sababu tofauti na za njiti wa Copenhagen.

Sauti hazikubaliani kuhusu la kufanya ikiwa mradi wa utafiti utakuja na kifaa kama zawadi. Daktari angekipokea kesho. Mhasibu anataka kwanza kujua nani atalipa sensa baada ya watafiti kuondoka, na kama wazazi watatozwa, kwa kuwa mpango wa serikali wa uzazi na huduma ya mtoto mchanga bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, haukubuniwa kwa vifaa vya aina hiyo. Mkunga angekipokea kwa sharti kwamba mradi uache nyuma yake paneli za jua na oksimita, na kwamba muuguzi wa utafiti afanye kazi usiku pia. Mzazi anaongeza sharti ambalo wengine hawakulitaja: kila mtoto aliyepewa oksijeni apimwe macho na mtaalamu kuanzia takriban wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, hata kama wakati huo amekwisha kurudi nyumbani Nyamianda, na nauli ya mama ya kumrudisha hospitali iandikwe kwenye bajeti kabla ya bei ya mashine.